Marahaba ya Kambini

Mvua imelowesha turubai la muuza korosho hapa Mtanda, na harufu yake imenirudisha kambini.

Shangazi yangu alikuwa mpishi wa kambi ya watalii, ndani kabisa ya pori la Kilwa. Likizo moja ya kiangazi alinichukua nikakae naye. Pori lote lilikuwa limekauka, majani yanavunjika mguuni kama maganda ya karanga. Pale mtoni tu ndipo palipobaki kijani na maji. Hema letu la turubai alilimwagia maji kila mchana ili lipoe, nami nililala humo nikinusa ule unyevu, raha mustarehe.

Asubuhi moja nilifungua zipu, nikakuta tembo amesimama mbele yangu, anapepea masikio. Nyumbani tulifundishwa hivi: ukikutana na mkubwa, mwamkie kwanza, mengine baadaye.

"Shikamoo, babu," nikasema.

Watalii waliokuwa wanakunywa chai waliganda na vikombe mikononi. Kisha sauti nzito ikaitika taratibu kutoka upande wa jikoni, nyuma ya tembo:

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa rudi ndani, ufunge mlango."

Nikarudi, nikafunga. Nikamsikia tembo akiondoka zake kwenda majini, bila haraka.

Jioni nilimsimulia Shangazi kwamba tembo ameniitikia. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuinua macho.

"Kwa nini asiitike?" alisema, akakohoa kidogo kusafisha koo. "Si umemwamkia vizuri?"