Ukuta Mmoja Mweupe

Karatasi wanayopewa watalii wa kutembea kwa miguu ilisema hivi: mwisho wa kijiji cha Ano Vrisi, kwenye nyumba nyeupe, pinda kulia, panda mlima. Nyumba hiyo ilikuwa ya Garifalia. Miaka kumi na mmoja wageni walipinda pale na kumkuta mumewe, mzee Stratis, na chupa yake ya raki, pombe kali ya kwao, akiwamiminia asubuhi asubuhi utadhani wamekuja kuposa binti yake. Garifalia alileta maji na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Mgeni akithubutu kutoa pesa, Stratis alinuna.

Stratis alikufa Novemba. Pasaka ilipokaribia kijiji kizima kilipaka chokaa, isipokuwa Garifalia, kwa sababu nyumba yenye msiba haipakwi mpaka mwaka utimie. Na mvua za baridi zilikuwa zimeuchafua ukuta ukawa rangi ya majivu.

Wageni nao ni watu wa kufuata karatasi. Wakawa wanapinda kwa jirani, Anezina, maana nyumba nyeupe ya mwisho sasa ilikuwa yake. Njia ya kwa Anezina inaishia kwenye banda la mbuzi. Garifalia aliwaona kutoka dirishani, na mabegi yao mgongoni, wakifukuzwa na Anezina, wakishuka kurudi barabara ya lami kwa aibu. Kila asubuhi aliandaa meza, na kila adhuhuri akairudisha ndani. Wa baiskeli ndio usiseme, wao walipita kule chini wameinamisha vichwa, kilima kimewamaliza pumzi, na hao hawajawahi kusimama hata enzi za Stratis.

Hakujua kama angewatamani wageni hivi. Mwanawe alipiga simu kutoka Athene kila Jumapili, akauliza habari za baridi. Pale kijijini, baada ya ibada ya siku arobaini, hakuna aliyelitaja tena jina la Stratis mbele yake. Walimwonea huruma, na huruma hiyo ilimkata maini.

Alhamisi moja Anezina alikuja na uso wa kazi.

"Mwenzangu, paka chokaa. Hao watu wako wamewatia mbuzi wangu kiwewe, hata maziwa hayatoki."

"Mwaka haujaisha."

"Najua haujaisha."

"Nikipaka, wa kwanza kunisema utakuwa wewe."

Anezina alifikiri kidogo, maana si mwongo. "Nitakusema," akakubali. "Lakini nitasema polepole."

Garifalia alipaka ukuta mmoja tu, ule unaotazama njia ya wageni. Alitumia brashi ya Stratis, ambayo bado ilikuwa na chokaa ya mwaka jana kwenye mpini. Alilia huku anapaka. Alijiona anamsaliti marehemu, na papo hapo alikuwa amechoka, amechoka kweli, kukaa peke yake.

Kesho yake wakaja wawili, mume na mke, nyuso nyekundu kwa jua. Yule mama alimkumbuka, walipita miaka miwili nyuma. Alimkumbatia Garifalia bila kushtuka kuona nguo nyeusi, kwani Garifalia alivaa nyeusi tangu alipofiwa na mama yake. Kisha akafungua begi na kutoa picha iliyotunzwa kati ya kadibodi mbili. Stratis, chupa mkononi, anacheka, pengo la meno wazi.

"Ya babu," akasema kwa maneno machache ya Kigiriki aliyojifunza. "Babu yuko wapi?"

Tangu Novemba hakuna aliyemuuliza Garifalia swali hilo. Jibu lilikuwa fupi, hata kwa ishara ya mkono lingeeleweka. Alitazama picha. Alitazama ukuta.

"Yuko na mbuzi," akasema. "Juu kule."

Yule mama akafurahi, akamgeukia mumewe, kisha akamrudia. "Vizuri. Sisi tunakwenda juu. Tutamwona."

Wakanywa, wakala maganda ya machungwa, wakaaga. Garifalia alisimama mlangoni akiwaangalia wanavyopanda. Mara mbili yule mama alisimama, akakinga jua kwa kiganja, akaangaza huku na huku kwenye mawe akimtafuta Stratis. Na Garifalia, bilauri mbili tupu mkononi, akajikuta naye anatazama.