Mkunga wa Rangwe Anayesubiri Jua

Jua ndilo kwanza linagusa ua wa mkonge, na Rispa Adhoch ameketi mlangoni pa nyumba ya Orpah, miguu ndani, kichwa nje. Ombi lake ni moja: aonyeshwe mwangani mtoto aliyezaliwa juzi.

"Nyar Karungu, umekuja kuniibia mjukuu?" Leonida, mama mkwe wa Orpah, anamtania Rispa kwa jina la kwao, binti wa Karungu. "Siku zake za kutolewa nje hazijatimia. Ingia umtazame kwa koroboi."

"Kwa koroboi sote tuna macho ya manjano, mama. Hata wewe."

Leonida anacheka. Orpah, kitandani, hacheki. Alipokuwa mjamzito macho yake yaligeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Hospitalini Homa Bay aliambiwa ini limevimba kwa virusi, vijidudu vidogo mno, na kwamba vingeweza kumfikia mtoto.

Rispa ni mkunga hapa Rangwe. Hulipwa kuku au mtama, mara nyingine asante tu. Kazi hii aliianza kwa ajili ya mdogo wake, Pamela.

Kule Karungu walikozaliwa, kando ya ziwa, waliteka maji pamoja. Pamela hakujaza mtungi kabla ya kuwauliza samaki kama wameamka. "Hadi leo nikisikia maji yakiingia mtungini, namngoja acheke," asema Rispa.

Mvua kubwa ya mwaka 1961 ilipandisha ziwa, likameza vyoo na visima. Pamela alikuwa na mimba kubwa. Akawa anachoka, anatapika, anakataa chakula. Watu wakasema ni mimba tu. Nyumba yake haikuwa na dirisha.

"Tuliyaona manjano siku tulipomtoa nje kumzika," asema Rispa. "Yeye na mtoto wake."

Leonida ameacha kucheka. Anamchukua mjukuu, anaketi naye kizingitini, bado ndani, jua likimfikia mtoto usoni. Rispa anainua kope kwa kidole. Weupe wa jicho una rangi ya samli.

"Wapo ambao hupona wenyewe," asema. "Lakini huyu mama yake aliugua. Tusikae hapa tukibahatisha."

Leonida anatazama kwa macho yake. Kisha anafungua leso kiunoni, anamfunika mtoto, na kuwa wa kwanza kuvuka kizingiti.

"Wazee wa mila nitazungumza nao nikirudi. Paul, mwanangu! Mlete mkeo, tuwahi basi la Homa Bay!"

Mtoto alilazwa, akarudi nyumbani wiki iliyofuata akinyonya kwa pupa. Orpah anapata nguvu polepole.

Sasa Rispa anapita boma kwa boma akiomba kila nyumba inayongoja mtoto itobolewe dirisha upande wa mashariki. Paul, mume wa Orpah, amekwisha kutoboa lake. Leonida analalamikia baridi, lakini kigoda chake amekisogeza hapohapo.

Rispa anaweka kiganja kwenye udongo ambao haujakauka.

"Pamela angelipenda dirisha hili," asema. "Angeshinda hapa kutwa, akiwachokoza wapita njia."