Majenerali wa Figo Yangu

Figo ilikuwa yangu, lakini mkutano waliufanya wao. Walikaa sebuleni kwangu Naguru, wakanywa chai yangu, wakanigawana kama ng'ombe wa mahari.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, polisi mstaafu, alitaka figo yenye kansa itolewe yote.

"Kansa ni muasi," alisema. "Ukimwachia kichaka, anarudi."

Vita vilipoingia Kampala, mtu huyu alijificha chini ya kitanda changu siku mbili, mimi nikimsogezea uji. Leo amekuwa jenerali wa tumbo langu!

Mwanangu mkubwa alitaka wakate kipande tu. Nikadhani ameulizia kwa daktari. Wapi!

"Mama, ukibaki na figo moja, watu watasema nyingine uliiuza."

"Endeleeni na chai," nikawaambia. "Daktari aliniuliza mimi."

Shule niliacha nikijua kuandika jina langu, basi. Lakini nimeuza maini na figo sokoni Owino miaka mingi, nazijua kwa vidole. Doa likiwa pembeni, unalikata, nyama iliyobaki ni nzima. Likiwa limeingia katikati kwenye mishipa, huna la kuokoa.

Kesho yake nikamwuliza daktari, binti wa umri wa mjukuu wangu anayeniita jjajja, yaani bibi, kama mtu naye yuko hivyo.

"Karibu hivyo, jjajja. Uvimbe wako ni mdogo, na kwenye picha unaonekana uko pembeni. Wa namna hiyo, ukikata sehemu au ukitoa figo nzima, kansa unaiondoa sawa tu. Ila kukata sehemu ni kazi ngumu zaidi. Damu inaweza kutoka nyingi, mkojo unaweza kuvuja."

"Sasa tabu yote hiyo ya nini? Si utoe yote?"

"Una presha, jjajja, na figo ile nyingine imeanza kuchoka. Ikishindwa kubeba kazi peke yake, utasafishwa damu kwa mashine."

Jioni ile nzima wanaume wawili walibishana, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo nyingine ikoje.

"Kata sehemu," nikasema. "Ukifungua ukakuta doa limeingia ndani, toa yote. Usitoke kwenda kuuliza mwanaume yeyote kwenye benchi."

Nikaandika jina langu kwenye karatasi.

Walipofungua wakakuta limeshika mishipa. Wakatoa yote. Yule binti daktari aliniambia mwenyewe, polepole: iliyobaki ndiyo hiyo iliyochoka, kwa hiyo chumvi basi, presha ipimwe, damu ipimwe.

Shemeji akaingia wodini kifua mbele, kama yuko gwaride.

"Si nilisema yote? Mngenisikiliza tangu mwanzo!"

"Ulisema, Afande. Wamekata upande gani?"

Akatazama blanketi, akatazama dirisha.

"Wa kulia."

Ulikuwa wa kushoto. Nikamtuma maji ya kunywa. Figo iliyobaki ilistahili kuletewa maji na mtu wa maana zaidi, lakini yeye ndiye aliyekuwepo.