Uji wa Wakwe

Nilipoanza kazi katika hospitali moja ya Nyeri, miaka michache baada ya uhuru, hakuna aliyejua nafanya nini hasa. Daktari alitibu, mimi nilimrudishia mgonjwa shughuli zake. Wengi walidhani nachezesha watu, nami sikuwa na upole wa kuwaacha waendelee kudhani.

Siku moja akaletwa mama mkulima wa kahawa kutoka Gakindu, kiharusi kimemlegeza mkono wa kulia. Nikampa vijiti avichomeke kwenye matundu ya ubao, kama nilivyofundishwa. Akavisukuma kando.

"Ati nicheze? Mimi si mtoto, kairitu," akasema, akiniita binti kwa Kikuyu.

"Haya mama, unataka huu mkono ukufanyie nini?"

"Msichana yangu anaolewa. Wakwe wakikuja, ni mimi natakiwa kuwamiminia uji. Nikishindwa, nitaweka uso wapi?"

Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia! Nikaupima mkono: vidole vilishika, kifundo kilichoka upesi. Tukaanza na jagi tupu, kisha maji kidogo, kisha zaidi. "Haba na haba, mama," nilimwambia kila alipolowesha sakafu. Alipojaza kikombe bila kumwaga, nilipiga kigelegele, wadi nzima ikageuka.

Kabla hajaruhusiwa, tulikwenda naye kwake nikaone jiko. Uji ulikuwa unachachuka ndani ya kibuyu kirefu kisicho na mkono wa kushikia. Jamani! Siku zote hizo tulikuwa tunajifunza jagi! Nilicheka mpaka nikakaa chini, yeye akanuna. Tukarudi hospitalini na kibuyu chenyewe, tukaanza upya: mkono wa kushoto ubebe kitako, ule dhaifu uongoze shingo tu.

Wakwe walipokuja, nami nilialikwa. Mama akasimama mbele yao na kibuyu, akamimina. Mzee wa kwanza, wa pili, hadi benchi la mwisho. Halikudondoka hata tone! Nilijiuma mdomo nisipige kelele, kwa sababu wakwe hawakuona ajabu yoyote. Waliona mama wa bibi harusi akigawa uji, wakaendelea na mazungumzo yao.

Kisha akanifikia mimi. Nilipokea kikombe kimejaa, mikono ikatetemeka kwa furaha, uji ukanimwagikia gauni lote.

"Haba na haba, kairitu," akasema, akaniongezea.