Maji ya Mzazi na Robine ya Udhu

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kwa masikio kabla ya kuikumbuka kwa macho. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha punde tu. Jua lilikuwa limejaa uwanjani kwetu hapa Kasongo, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya bafu na spana mkononi, nikitabasamu peke yangu. Ndipo bibi yako Mwavita alipopiga ukelele ndani ya bafu. Sijapata kusikia mtu mzima akilia vile. Spana iliniangukia mguuni na sikuhisi kitu.

Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe sijaota mvi hata moja. Baba mdogo ni baba. Umekuja kuniambia kwamba kesho unapanda pikipiki kwenda Wamaza, kumwekea bibi yako dushi, bomba la kuogea la maji ya moto na baridi, na kwamba kazi yenyewe unaijua. Nimefurahi, kisha nikashikwa na hofu. Kaa kidogo. Habari hii na wewe ulikuwamo, umefungwa kitenge, hata jina ulikuwa hujapewa.

Nilikuwa kijana wa wasiwasi, na bado ninao. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikikosea herufi moja, karatasi nzima naichana. Mambo ya mabomba sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua vitu vya watu na kuvifunga tena kabla hawajarudi. Kwa hiyo nilipomjengea baba yako dushi, nilitaka isiwe na kasoro hata ya kutafuta kwa tochi.

Pipa la plastiki la maji baridi tuliliinua kwenye jukwaa la mbao. La chuma tuliliweka juu ya jiko refu la tofali, moto ukiwaka chini yake. Kila pipa lilitoa bomba lake, na mabomba hayo mawili yakakutana bafuni. Ila bomba la baridi, kabla ya kufika huko, nililitolea tawi liende uwanjani, kwenye robine ya udhu, koki ya kufungulia maji ya kutawadha. Baba yako alikuwa amechoka kuona watu wanapokezana birika kila wakati wa sala. Tawi lile nililipenda sana. Niliona nimetumia bomba moja kwa kazi mbili, nikajisifu.

Kisha mama yako akajifungua, na mama yake akaja kutoka Wamaza kumwogesha, kama ilivyo desturi, mpaka arobaini itimie. Alikuja na majani yake ya kuchemsha na maneno yake. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto hasa, na baridi haitakiwi imguse.

"Weye fundi," aliniambia siku za mwanzo, "maji yako iko na wazimu. Iko moto, iko baridi, iko moto tena. Unataka baridi iingie mu mifupa ya mwanangu?"

"Nitatengeneza, Mama."

"Na jana ulisema vile vile. Labda unatengeneza mudomo."

Baba yako alicheka. Mimi sikulala vizuri. Halafu bibi yako akasema neno ambalo halikumchekesha mtu: maji yakicheza tena, anabeba mwanawe na mjukuu wake, wanarudi Wamaza. Mwanangu, barabara ile unaijua. Fikiria mzazi mbichi juu ya pikipiki, kwenye matope na madaraja ya miti. Na fikiria watu wakisema kwamba nyumba yetu imeshindwa hata kumpashia mzazi maji.

Basi nikaishambulia dushi. Nilibadilisha vizibo, nikakaza viungo kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikalivika bomba la moto magunia, nikachagua kuni za unene mmoja ili moto usipande wala kushuka. Asubuhi ya siku ile nikapiga marufuku mtu yeyote kugusa maji. Nilimfukuza baba yako uwanjani, nikawatoa wanawake jikoni, sufuria zikakauka na uchafu wake. Sikutaka kitu kinivurugie kipimo. Nikaweka mkono chini ya dushi, nikangoja. Maji yalitulia kama yamekatazwa kusogea. Nikaona raha ambayo sijui niifananishe na nini.

"Leo unaweza kumwogesha hata ukisinzia," nikamwambia bibi yako.

"Nitamwogesha," alijibu, "lakini macho wazi."

Alasiri ikafika. Alimaliza kumkanda mama yako, akasema aletewe mtoto. Kabla ya kukupokea alipitisha mkono wake chini ya maji, kama afanyavyo siku zote. Ndipo ukelele ule.

Sikuweza kuingia, ni bafu ya wanawake. Niligeuka nikamwona baba yako ameinama kwenye robine, anaosha miguu, maji yanamwagika kwa nguvu. Aliposikia ukelele aliifunga robine haraka, akakimbia. Na wakati ule ule mama yako akapiga kelele ndani: "Sasa baridi! Mama, sasa ni baridi!"

 Nilitazama robine, nikatazama bafu, nikatazama tena robine. Kila ilipofunguliwa, maji baridi yalikimbilia uwanjani na dushi ikabaki na moto mtupu. Aliye bafuni anaongeza baridi ili asiungue. Robine ikifungwa, baridi yote inamrudia. Siku zote hizo nilikuwa nikitafuta ugonjwa ndani ya bafu, na asubuhi nilikuwa nimewafukuza watu ambao wangenionyesha.

Bibi yako alitoka, mkono umeiva kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Tulimwekea beseni la maji ya kawaida, akautumbukiza mkono. Kitenge chake cha kubebea vitu vya safari kilikuwa tayari kimefungwa fundo.

"Ni robine ya udhu, Mama," nikasema. "Ni miye niliiunganisha pale. Asubuhi haikuonekana kwa sababu hakuna mutu aliyeigusa."

Alinitazama sana.

"Asubuhi ulitufukuza wote," akasema. "Nyumba hii watu wake wanapika, wanatawadha, wanaosha sahani. Weye ulipima maji ya nyumba gani? Ulitengeneza dushi ya maiti. Maiti peke yake ndiye anaoga na nyumba nzima imenyamaza."

 

Tulikesha na wasiwasi, mimi na baba yako, na kulipopambazuka tukalikata tawi lile. Tukaweka bomba jipya la robine, linalotoka lenyewe kwenye pipa, na la dushi likabaki na njia yake. Nilipotaka kupima, bibi yako akanisukuma kando. Aliweka mkono wake mzima chini ya dushi, akaanza kutuamuru kama mkuu wa jeshi, baba yako Ramazani, Feza aliyekuwa jikoni, na mimi: "Ramazani, fungua robine! Feza, chota maji ya sahani! Funga! Fungua tena! Weye fundi, usisimame kama mti, leta ndoo!" Tukachota, tukamwaga, tukagongana. Maji ya dushi hayakubadilika.

"Sasa iko na akili," akasema, akaenda kufungua fundo la kitenge chake. Akakaa mpaka arobaini. Lakini wewe hakukuogesha chini ya dushi kamwe. Alikuchanganyia maji kwenye beseni.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Maji ya dushi yakibadilika-badilika, kabla hujafungua kiungo chochote uliza nani mwingine anafungua maji wakati huo. Dushi ipe njia yake kutoka kwenye pipa. Fungua baridi kwanza, kisha moto; ukifunga, anza na moto. Mkono utangulie mwili, na mtoto mchanga umwogeshe kwenye beseni. Na siku ya kupima, waite wote waje na kelele zao. Kazi inayopendeza ukiwa peke yako tu haijakamilika. Mimi naogopa kusahihishwa mbele za watu, nakiri. Lakini heri aibu hiyo kuliko ukelele ule.

Ukifika Wamaza utaliona baka lile mkononi mwa bibi yako, ulilokuwa ukilichezea kwa vidole ulipokuwa mdogo. Hukuwahi kuuliza limetoka wapi. Mkono ule ulipita kwenye maji kabla yako.

Mungu akuvushe madaraja salama. Aitulize mikono yako, akupe uvumilivu wa kuamriwa na bibi yako, na maji utakayomwekea yamfae uzeeni mwake. Amina.