Kanga Haiuzwi Imekunjwa

Mimi ni mwuza kanga na nina ulimi mrefu, na vyote viwili nimerithi kwa baba. Duka letu liko hapa Biharamulo mjini tangu babu alipokuja kutoka pwani na marobota yake ya nguo, akaoa, akakaa, asirudi tena. Baba alikuwa na sharti moja ambalo hakumsamehe mtu, hata aliyekuwa na haraka ya kwenda kuzika: kanga haiuzwi ikiwa imekunjwa. Lazima aikunjue mbele yako, asome jina lake kwa sauti, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini, kisha akuulize unampelekea nani. Ukijibu mama mkwe, na yeye ameshika kanga ya kusuta watu, basi anairudisha rafuni bila kukuuliza kama umeipenda rangi. Alikuwa akisema kwamba watu wa huku Kiswahili wamekikuta shuleni na sokoni, kanga kwao ni ya kubebea mtoto na kujitanda kanisani. Haya maneno tumekuja nayo sisi, kwa hiyo kuyasoma ni juu yetu.

Kwa sharti hilo nilimpata shoga yangu. Alikuwa mke wa mkulima kutoka Nyakisasa, rozari shingoni, mimba ya kwanza imemlemea, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizia bei tu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimekabidhiwa duka. Nikamkunjulia kanga, nikamsomea, nikamweleza maana yake kwa mikono na macho. Akacheka, akasema nisome tena. Siku ile alikaa kwenye benchi langu mpaka basi lake likamwacha, akalala kwetu.

Alipojifungua akarudi na mtoto mgongoni na kikapu mkononi, kikapu cha mfuniko alichokisuka mwenyewe kwa majani, kimejaa maharage. Nikamimina maharage, nikamrudishia kikapu chake na asante nyingi. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Kwao kikapu hakirudi kitupu. Ukirudisha kitupu umemwambia mwenzako safari zimeisha. Nikarudi ndani mbio nikatia chumvi, ndiyo iliyokuwa karibu, na kwa chumvi ile alinicheka miaka na miaka, kwamba wanawake wa mjini wana manukato mengi na mkono mfupi.

Kikapu kile kikawa na njia yake kati ya Nyakisasa na Biharamulo. Kikija kina maharage, ndizi au karanga. Kikienda kina sukari, mchele, sabuni, mara nyingine kanga. Mume wangu alipofariki nikakaa eda, yeye, Mkatoliki wa watu, alikuja akalala na mimi mkekani, akanipikia, akawafukuza mlangoni wale waliokuja kunichungulia machozi. Ndugu zangu wa damu walikuja wakala wakaondoka. Sisemi kwa ubaya, nasema lilivyokuwa.

Sasa binti yangu akamaliza chuo, akarudi nyumbani na simu yake. Akaliangalia duka akasema mama, biashara siku hizi iko mtandaoni, wewe umekaa kama unauza makumbusho. Nikamwambia haya, mwenye macho mapya atuonyeshe. Akafungua ukurasa, akafungua kundi la wasapu, akanipiga picha nimejitanda nacheka, akaiweka pale juu kabisa, uso wangu ndio mlango wa duka. Kanga akazipanga zimekunjwa, moja juu ya moja kama kurasa za msahafu, rangi tu zinaonekana, pindo na maua. Majina yake yamefichwa kwenye mikunjo. Nikamwambia baba yangu angekufa mara ya pili. Akasema mama, watu mtandaoni hawasomi, wanatazama.

Na kweli walitazama, sitadanganya. Vifurushi viliondoka kwa basi kwenda Ngara, Kahama, Bukoba, mahali ambapo mimi sijatia mguu. Nilifurahi. Nilikuwa nikiamka nauliza wangapi wametupenda, kama kigori. Lakini benchi likaanza kukaa tupu. Mwanamke aliyekuwa anakuja kutoka Kaniha siku ya mnada, anakaa, ananipa habari za mashamba na za mume wake mlevi, sasa anatuma alama ya moyo na kifurushi kinamfuata. Nikaona ndiyo maendeleo.

Shoga yangu naye magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, safari zikapungua. Kikapu kilikuja kwa mkono wa kondakta na kikarudi kwa mkono huohuo. Mtoto wake yule wa kwanza, ambaye nilimbeba mimi kwenye kanga niliyomsomea mama yake, alikuwa sasa mwanaume mzima mwenye simu kubwa, na amepata mchumba kule Mbuba. Mama mtu alinipigia simu kunieleza. Alisema binti ana adabu, ana mikono ya jembe, na kwao ni watu wa kanisa. Furaha ilimbana mpaka Kiswahili kikampotea, akamalizia kwa Kihangaza na mimi nikaitikia tu. Tukakubaliana kwamba siku ya kupeleka mahari mimi siwezi kufika, mzigo mpya ulikuwa unaingia, ila kwenye halusi, kama alivyopenda kuitamka, nitakaa mbele kabisa.

Kumbe jioni ileile mwanawe aliandika kwenye ukurasa wetu. Nimekuja kuusoma ujumbe wake baadaye, na maneno yake yamekaa kifuani kama mwiba wa samaki. Aliandika kwamba mama anasalimia, anaomba umchagulie doti za kuwavisha mama mkwe wangu na shangazi za binti, wewe mwenyewe unajua zinazofaa. Hakusema yeye ni mtoto wa nani. Aseme ya nini, na pale juu kuna uso wangu unacheka? Binti yangu akamjibu kama anavyowajibu wote: karibu mpendwa, tunakuchagulia nzuri sana. Akatazama rafuni akachagua kwa rangi, zile za zambarau zilizokuwa zinapendwa mno. Akafunga, akapeleka stendi. Mimi nilikuwa nyuma nafungua marobota, nikasikia ametaja Nyakisasa, nikasema moyoni tunazidi kujulikana.

Yaliyotokea Mbuba sikuyaona, aliyenieleza ni shoga yangu mwenyewe. Wageni walikaa, pombe ya ndizi ikatoka, mahari ikapokelewa. Ukafika wakati wa zawadi za kina mama. Shoga yangu akasimama kwa magoti yake mabovu, akamkunjulia mama mkwe wa mwanawe kanga, akamtanda mabegani, na shangazi nao hivyohivyo. Vigelegele vikapigwa. Halafu shangazi mmoja, mwalimu, akavuta pindo akasoma kwa sauti ya darasani: Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Vigelegele vikakatika. Wakatafsiriana. Mwenye nyumba akauliza kwa upole kama wageni wametumwa kuwaambia kwamba wao ni walaji tu, kwamba undugu huu hautafika kaburini. Shoga yangu hakujua amevalisha watu nini. Akasema, kanga hizi amenichagulia rafiki yangu. Hilo likazidi kuharibu, maana wakasema basi kumbe mmekaa mkashauriana. Kanga zikavuliwa, zikakunjwa, zikarudishwa. Mahari nayo ikarudishwa kabla jua halijazama.

Alikuja dukani wiki ileile. Nilimwona akivuka barabara polepole, nikatoka nje na maneno yangu ya utani tayari mdomoni. Hakunisalimu. Alikaa kwenye benchi, pale pake, akafungua mfuko akatoa ile ya zambarau akaniwekea mapajani.

"Dada, nisomee," alisema.

Nikasoma. Nilisoma taratibu, na sauti yangu nikaisikia mwenyewe kama ya mtu mwingine.

"Hii ndiyo uliyonichagulia?"

Nikaanza kueleza. Nikasema siyo mimi, ni simu, ni ukurasa, mwanangu ndiye anajibu, mimi sikujua kama ni yenu. Niliongea sana, mimi ambaye maneno hayajawahi kuniishia. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya meza, mkono mdomoni, analia kimyakimya. Shoga yangu alinisubiri mpaka nikamaliza.

"Simu ina picha yako," alisema.

Kwake kuagiza pale ilikuwa ni kuja kwangu, kukaa kwenye benchi, kusomewa. Hakuniuliza kama nimezisoma kwa sababu nimemsomea maisha yake yote.

Siku ya pili nikafuatana naye mpaka Mbuba, na mzee mmoja wa kwetu wa kunisindikiza. Nilijitanda nikakaa chini, nikawapa shikamoo wazee wote, nikaeleza kila kitu kwa Kiswahili na mzee akasaidia kutafsiri. Nikasema ugomvi wowote waumwage kwangu, huyu mwanamke hana kosa. Walinisikiliza vizuri, hata chai wakanipa. Kisha baba wa binti akasema, "Mama, tumekusamehe. Lakini maneno yameshavaliwa mbele ya watu." Yule msichana alichungulia mlangoni mara moja, macho yamevimba, akaitwa ndani. Baadaye nikasikia amepelekwa kwa shangazi yake mbali, na kijana wa shoga yangu akaondoka nyumbani bila kumuaga mama yake. Wako wanaosema yuko machimboni, wako wanaosema amevuka mpaka. Mama yake ndiye aliyembeba, na mama yake huyohuyo ndiye anayelaumiwa naye.

Tuliporudi kutoka Mbuba tuliachana njia panda, yeye akapanda pikipiki ya kwao. Nilimshika mkono. Aliuacha mkono wake ndani ya wangu, lakini haukunishika.

Nimeiondoa picha yangu kule mtandaoni. Binti yangu na mimi tuligombana kwa hilo, akasema mama, kosa ni langu mimi, kwa nini unaliadhibu duka. Siliadhibu duka. Nilimwambia uza unavyotaka, lakini uso wangu usisimame mahali ambapo mimi sipo. Sasa anapiga picha kanga zimekunjuliwa, jina linaonekana, na mimi nasoma kwa sauti yangu na kueleza maana, naye anairusha. Wanunuzi wamepungua, wanasema tunawachosha kwa maelezo. Wapungue. Ningefunga kabisa, ila huyu mtoto naye anakula hapahapa, na machozi yake nimeyaona.

Kikapu, wakati yote haya yanatokea, kilikuwa kwangu. Alikuwa amekituma na karanga kabla ya mahari, na kwenye vurugu za mzigo mpya sikuwahi kukirudisha. Nilikiweka juu ya benchi nikawa nakitazama. Nilijiambia mdomo umeshindwa, labda kikapu kitaweza. Mwezi wa mfungo ulipokwisha nikakijaza: sukari, mchele wa Kahama aupendao, tambi, na juu kabisa chumvi, ile chumvi ya kwanza, ili acheke. Nikampa kondakta wetu wa siku zote, nikamwambia amkabidhi mkononi.

Nilingoja. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Kondakta akaniambia alikipokea vizuri, akauliza hali yangu, akaingia ndani. Nikashukuru Mungu. Nikaanza kumwambia binti yangu, utaona, kitarudi na maharage, na mimi safari hii nakipeleka mwenyewe kwa miguu yangu.

Kikarudi siku ya mnada, watu wamejaa mbele ya duka. Mfuniko umefungwa kwa kamba ya mgomba kama afungavyo yeye, fundo lake lilelile. Nilikipokea kwa mikono miwili na kikaja juu upesi mno. Nikakaa nacho kwenye benchi, nikafungua kamba, nikafunua, nikaingiza mkono mpaka chini nikapapasa pande zote. Alikuwa amekiosha, kikakauka vizuri juani.