Kabichi ya Aliye Mbali

Mimi hofu ya kabichi sikuzaliwa nayo, niliolewa nayo. Nimezaliwa Kifaru, huko chini kwenye joto, ambako mboga yetu ilikuwa mchicha na majani ya kunde. Nilipoolewa Chome, juu mlimani, miaka michache baada ya Uhuru, mama mkwe aliniambia wiki ileile ya kwanza kwamba jembe nishike, kuni nikate, ng'ombe nikamue, lakini bustani ya nyuma ya nyumba nisiiguse mpaka anifundishe. Nikasema moyoni, haya, mama, kaa na majani yako.

Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya migomba upande mmoja na msitu wa Shengena upande wa pili. Kabichi yake haikuwa kama hizi za sokoni leo, kubwa na nyeupe, ukipika unapata sufuria ya maji. Yake ilikuwa ndogo, ngumu, imechongoka juu, majani yana rangi ya moshi na mishipa ya zambarau, na ilichelewa kufunga mpaka unaikatia tamaa. Mama yake mzazi aliitoa kwenye bustani ya wamisionari, zamani za Mjerumani, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyenunua mbegu. Ukishakata kabichi, kisiki kinabaki ardhini, kinachipua. Unabandua chipukizi pamoja na kipande cha ganda la kisiki, unalichovya kwenye majivu, unalipanda. Kwa hiyo ukifikiria vizuri, na mimi sikupenda kufikiria, ile haikuwa mjukuu wa kabichi ya wamisionari. Ilikuwa ni ileile, haijafa hata mara moja. Bwana shamba alipoleta pakiti za mbegu mpya, mama mkwe alimshukuru, akampa chai, na mbegu akawamwagia kuku.

Kukata nako kulikuwa na utaratibu. Unakata kwa mshazari ili mvua isituame juu ya kisiki ikakiozesha, halafu unakunja jani moja la nje na kukifunika kidonda. Sisi tunaotumia mkono wa kulia mkato wetu uliinamia upande wa migomba. Mama mkwe alisimama nyuma yangu kama mwalimu mkuu mpaka nikajua.

Kisha akanionyesha kabichi moja ya mwisho wa tuta, akasema hiyo haiguswi, hiyo ni ya aliye mbali.

Aliye mbali alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye sikuwahi kumwona. Aligombana na baba yake kabla sijaolewa. Alitaka kwenda kwenye mashamba ya mkonge upande wa Tanga, mzee akakataa, maneno yakawa makali, kijana akaapa kwamba hatavuka tena kizingiti cha nyumba ile. Akashuka mlima na hakurudi. Mzee alikufa, na yeye hakuja hata kwenye mazishi. Kila msimu mama yake alimwachia kabichi moja, na sheria ilikuwa moja tu: ya aliye mbali hukatwa na mwenyewe. Mtu mwingine akiikata, ni sawa na kusema kwamba hayupo tena duniani. Basi inakaa pale mpaka inapasuka, inatoa maua, inaoza. Mimi nilikereka sana. Mwaka mmoja wa njaa nilisema wazi kwamba kwetu chakula hakiachiwi konokono. Mume wangu alinivuta pembeni akaniomba niliache jambo hilo, na nikaona macho yake yamejaa machozi, nikaliacha.

Masika ya mwaka wa Azimio la Arusha, nilikwenda bustanini asubuhi nikakuta kabichi ya mwisho wa tuta imekatwa. Mkato ulikuwa safi, jani limekunjwa juu ya kisiki kama inavyotakiwa, lakini mshazari wake uliinamia upande wa msitu. Nilimwita mama mkwe. Alipiga magoti kwenye tope, akaupitisha mkono juu ya ule mkato, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mwanawe alikuwa wa mkono wa kushoto. Hakuna mwingine wa kushoto katika nyumba ile, hakuna hata jirani.

Tangu siku hiyo kila msimu ilikatwa, na mama mkwe alinawiri kama msichana. Alikuwa na maelezo yake. Mwanawe yu hai, amerudi huku milimani, pengine anapasua mbao msituni, anaona aibu kuja mikono mitupu, na kile kiapo cha kizingiti kinamfunga. Lakini bustani haina kizingiti. Anakuja anakula cha mama yake, anaondoka. Nilimshuku mume wangu kwamba anamfariji mama yake kwa ujanja. Siku moja nikampa kisu, nikamwambia akate kabichi mbele yangu kwa mkono wa kushoto. Jamani, aliitafuna kama panya. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, kwa maana kama si yeye, alikuwa nani, na kwa nini mbwa wetu hakuwahi kumbwekea?

Ndipo likaja agizo la kuhamia vijijini. Nyumba zetu za karibu na msitu zilionekana zimetawanyika mno, tukapangiwa kijiji kipya kilichopimwa tambarare, karibu na reli. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita kila nyumba akieleza habari za shule, zahanati na maji ya bomba. Mimi nilifurahi, nilikuwa narudi kwenye joto langu. Mama mkwe alikataa katakata. Alisema mwanawe akija atakuta nyumba tupu, na mtu aliyeapa kutoingia ndani hataweza hata kuuliza tumekwenda wapi. Mume wangu alimbembeleza, balozi akambembeleza, akabaki anatazama bustani.

Siku chache kabla ya lori la kutuhamisha kuja, mume wangu alikuwa mkutanoni na sisi wawili tulikuwa jikoni tunafungasha vyungu. Ulikuwa mchana. Ukungu wa Shengena ulishuka kama kawaida yake, migomba ikapotea, banda la ng'ombe likapotea. Mbwa aliingia jikoni, akalala nyuma ya mafiga. Kisha tukasikia kutoka bustanini ile sauti ambayo kila mpishi anaijua, ya kisu kikipita kwenye kabichi ngumu, polepole, halafu mlio wa kukatika. Chungu kiliniponyoka. Mama mkwe alinyanyuka akasimama mlangoni. Hakutoka nje. Alisema na ukungu kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, kula. Wiki ijayo tunahamishwa, usije ukatukosa. Shuka na njia ya mto mpaka barabara kubwa, halafu fuata reli. Ulizia kijiji kipya. Nyumba yetu ni ya mwisho, mlango umetazama mlima. Umesikia?"

Jani moja lilikunjwa, nalo tulilisikia. Mama mkwe akarudi akaketi, akaendelea kufunga vyungu, na lori lilipokuja alipanda bila ubishi, amekumbatia ndoo ya visiki.

Kule chini alivipanda nyuma ya nyumba mpya, akavimwagilia maji ya kuoshea vyombo, lakini kabichi ile haikuwa ya joto. Ilirefuka tu, shina kama mkongojo na majani yametawanyika, haikufunga hata moja. Alihangaika, eti mtoto akija atakata nini. Mimi nilikuwa nahangaikia jambo lingine, nalo sikulisema. Kuku wetu walichakura uwanja mzima lakini lile tuta walilizunguka. Na siku moja wakati wa kuanua nguo, niliona kwenye shina la mwisho jani moja la chini limekunjwa kwa uangalifu kuelekea juu, limefunika mahali ambapo kabichi ingekuwa. Hapakuwa na kidonda cha kufunika. Nililikunjua, nikaingia ndani, nikafunga mlango jua likiwa bado juu.

Kisha akaja mgeni, mtu wa Kigoma, mkata mkonge anayerudi kwao kwa treni. Alizunguka kwanza kuja kwetu kwa sababu ya ahadi, akaulizia mpaka akatupata. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, naye akaitikia marahaba, akampa kigoda. Yule bwana akasema aliishi kambi moja na shemeji yangu, na kwamba shemeji aliugua homa akafa. Walimzika palepale kambini, wageni watupu. Marehemu alimtuma aje aseme, lakini kazi na umbali vilimchelewesha, akaomba msamaha. Mama mkwe hakulia. Aliuliza mwanawe alikuwa akikata mkonge kwa mkono gani.

"Kushoto, mama. Tulikuwa tukimtania."

Akauliza alikufa lini. Yule bwana akasema masika, mwaka ule wa Azimio.

Mume wangu alitoka nje. Mimi nilibaki nimeshika birika, chai inamwagika. Mama mkwe aliutazama mlango uliotazama mlima, uso ukawa kama wa mtu aliyeacha mtoto mchanga karibu na moto.

"Nimemshusha," alisema. "Mwanangu alikuwa amesharudi kwa baba zake. Mimi nimemwita huku."

Lazima nieleze hapo. Mama mkwe alikuwa mtu wa kanisa, lakini ukoo wake wa ndoa, zamani kabla ya kanisa, uliweka mafuvu ya wazee kwenye vyungu chini ya mwamba msituni, juu ya ile bustani, ili wasikae peke yao. Kijana alizikwa ugenini, akatembea mwenyewe kurudi mlimani, akafika. Alikuwa karibu na watu wake. Na mama yake, kwa mapenzi, akamwelekeza njia ya kushuka tambarare, kwenye vumbi, kwa watu asiowajua, kwenye bustani isiyo na chakula. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia mama yule siku ile.

Alfajiri aling'oa kisiki cha mwisho wa tuta, akanipa nikibebe, akashika fimbo. Alinikataza kugeuka nyuma. Nilitangulia, yeye akafuata, na kila kona ya mlima alisimama kusubiri. Jua lilikuwa linatuunguza, nikamwambia twende, mama. Akasema tusimharakishe, mkonge umemharibia miguu. Tulisimama, na chini yetu, kwenye njia tuliyokwisha kuipita, kijiwe kiliporomoka. Baadaye kidogo kingine, karibu zaidi. Sikugeuka. Nililia huku natembea, kwa woga na kwa huruma, sijui kipi kilizidi.

Nyumba ilikuwa imeezuliwa, bustani imeota magugu. Alikipanda kisiki mahali pake pa zamani, akaketi kando yake, akasema yeye harudi tena. Hakurudi. Mume wangu alimjengea kibanda. Balozi alipanda kuja kumkumbusha agizo, akaitazama bustani, akanywa maji, akashuka. Tulimpelekea unga na chumvi, na kila tulipofika alituambia anaendelea vizuri, na kwamba mwenzake naye anaendelea vizuri.

Alikufa kipupwe cha mwaka uliofuata. Tulimzika palepale. Tulipopanda tena kumaliza matanga, nilikwenda bustanini kutafuta mboga ya wageni. Kabichi mbili zilikuwa zimekatwa, zimefunikwa majani. Mkato mmoja uliinamia msitu. Mwingine uliinamia migomba, umenyooka, safi, vilevile alivyonifundisha. Nilimwita mume wangu aje aone. Alivua kofia, na mboga ya wageni tukapika majani ya maboga.

Baadaye watu wengi walirudi milimani, nasi tukarudi. Bustani ni yangu sasa, na kila msimu naacha mbili. Sisemi nao, wala siwaelekezi popote. Mwanangu wa mwisho alipoondoka kwenda kutafuta kazi mbali, alisimama hapo uani na begi lake, akanitania, mama, na mimi niachie moja. Nilikasirika sana. Nikamwambia wewe ukitaka kabichi, njoo mchana, upige hodi, uvuke mlango huu nikuone.